Kuangalia Tu

Jana saa mbili usiku, mvua ikiwa imeishika Arusha tangu alasiri na umeme ukiwa umeondoka bila kuaga kama ilivyo desturi yake, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Moshi ambaye mwezi wa nane nilimkagulia nyumba kabla hajainunua. Hakunisalimu. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, hivi wewe ulikagua nini?" Nyuma ya sauti yake nilisikia ufagio ukihangaika na maji, na kwa masikio yaliyozoea kazi hii naweza kuthibitisha kwamba ulikuwa ufagio wa chelewa, ambao hausukumi maji bali huyachokoza. Nilimjibu kwa utulivu wa mtu mwenye taaluma yake kwamba jambo hilo liko ukurasa wa nne. Kimya kikapita. Kisha akauliza, "Ukurasa wa nne wa nini?"

Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, na sasa ninaliandika nikiwa kwenye kosta ya kwenda Moshi, kwa kuwa mama ameniamuru niende nikaone. Hatanilipa. Ninakwenda kuangalia tu.

Neno hilo "tu" ndilo litakaloniua. Nilikuwa fundi mwashi kwa miaka 18, nikajenga kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, mpaka magoti yalipoandika barua ya kuacha kazi, nami nikaona ni heri niishi kwa kile nilichojifunza kuhusu makosa ya mafundi, nikiwamo mimi mwenyewe. Ninatembea na ngazi, tochi, pimamaji, timazi, futikamba ya mita 5, penseli, na sarafu ya shilingi 200 ya kugongea vigae, maana kigae kilichoshika hujibu kwa sauti nzito na kilichobandikwa juu ya hewa hulia kama kibuyu. Vifaa hivyo ndivyo vinavyoniponza. Mteja akiona sina mashine inayopiga kelele hujiuliza analipia nini, na baada ya hapo huniambia kwamba macho hayana pazia, kwa hiyo nipite nitupie jicho, soda ipo. Mtu huyohuyo amemlipa daktari aangalie picha ya kifua chake, wala hakumwahidi soda. Mwenye nyumba naye akisikia neno "mkaguzi" hufunga geti akidhani nimetumwa kuhusu kodi ya jengo, ingawa kodi hiyo tangu 2021 inakatwa anaponunua umeme wa luku na hakuna tena haja ya mtu yeyote kuja kubisha hodi.

Hata hivyo, adui yangu mkubwa si mwenye nyumba wala dalali. Ni wahenga. Wao ndio waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, na bila shaka walikuwa na nia njema, ila hawakufikiria kwamba siku moja puti na rangi vitauzwa kila kona ya soko la Kilombero. Watu wameishika methali ile neno kwa neno. Jioni ya kuamkia ukaguzi ufa huzibwa kwa puti, hupigwa msasa, hupakwa rangi ya krimu, na asubuhi ninakaribishwa katika nyumba inayonukia duka la vifaa vya ujenzi. Ndiyo maana humshauri mnunuzi atangulize pua kabla ya macho: nyumba ikiwa na miaka 10 na ukuta mmoja tu ndio unaonuka rangi mbichi, ukuta huo ndio wa kuulizwa maswali. Pia humshauri aende kuiona nyumba siku ya mvua. Najua habari za matope, na najua bodaboda gani atakubali kupanda Moshono siku hiyo na kwa bei gani, lakini kiangazi nyumba zote ni nzuri, na masika haijawahi kupokea rushwa ya mtu.

Basi, hiyo nyumba ya Moshi. Iko upande wa chini, tambarare, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, hivyo msingi ambao haukuchimbwa kwa akili hupanda na kushuka kila mwaka kama kifua cha mtu aliyelala. Nilijua ninachokitafuta kabla sijashuka kwenye gari. Ufa wa plasta ni mwembamba kama unywele na hutangatanga popote, huo haunikoseshi usingizi. Ufa wa msingi huanzia kwenye kona ya dirisha na kuteremka ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali, na huwa na upande mmoja mpana kuliko mwingine, kwa sababu nyumba inazama upande mmoja. Nilizunguka nje, nikakuta mstari wa puti mbichi ukishuka ngazi kwa ngazi kutoka dirisha la sebule. Kilichobaki ni kuingia ndani nione kama umepenya ukuta mzima, shughuli ya dakika 2.

Ilichukua saa 4.

Sebuleni, chini kabisa ya kona ya dirisha lile, alikuwa ameketi bibi. Kiti chake kilikuwa cha mbao, chenye mgongo mrefu, kimesogezwa mpaka kikagusa ukuta. Alikuwa amejifunga vitenge viwili, na cha tatu kilitandazwa juu ya mgongo wa kiti kikaning'inia huku na huku kwa wingi ambao hakuna baridi ya Moshi inayoweza kuudai. Juu ya kichwa chake ilitundikwa kalenda ya kanisa ya mwaka juzi. Kalenda ya mwaka juzi haitundikwi kwa ajili ya tarehe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Nilikaa, na hapo ndipo niliposhindwa vita, kwa sababu mtu aliyekwisha kuketi na kupokea chai ya maziwa hawezi tena kumwambia bibi wa miaka 80 na ushee asimame apishe tochi. Nikaona nianze na vyumba vingine nimpe nafasi ya kuondoka kwa heshima zake. Nilifungua mabomba yote kwa pamoja nione kama la bafuni litakufa la jikoni likiamka, na likafa. Nilipanda darini nikakuta mbao hazijawahi kuonja dawa ila mchwa wameshaonja mbao. Nilipima mteremko wa veranda, ukawa unayapeleka maji ya mvua mlangoni moja kwa moja kama mgeni rasmi. Nikarudi sebuleni. Bibi yupo. Mwanawe, ambaye ndiye muuzaji, alinitazama kwa upole wa mtu mwenye ngome.

Nikajaribu ustaarabu. "Bibi, hapo dirishani hupigwi na upepo?" Akasema hapana, anapapenda. Nikasema nje kuna jua zuri sana la kuota. Akasema jua ameliota tangu azaliwe, limemtosha. Nikaiangusha sarafu yangu ya 200 ikabingirika hadi chini ya kiti chake, kwa makusudi ambayo naomba Mungu anisamehe, kisha nikapiga magoti yaleyale yaliyoacha kazi ili nichungulie. Bibi akaibana sarafu kwa vidole vya mguu, akainua mguu, akanikabidhi, na mgongo wake haukuachana na kitenge hata kidogo. Dalali, ambaye tangu asubuhi alikuwa akirudia kwamba nyumba haina shida yoyote injinia, ni rangi tu, akakohoa kuficha kicheko. Ukaletwa mtori. Mama mnunuzi, yeye ambaye amenilipa nitafute ubaya, alikuwa ameshaanza kupanga makochi yake hewani kwa kidole, na akaja kuninong'oneza kwa nini nambughudhi bibi wa watu.

Saa saba na nusu mwanawe alitoka nje kupokea simu. Bibi akaniinamia.

"Mwanangu, unatafuta ufa?"

Nikanyamaza.

"Uko nyuma yangu. Nimeletwa jana kutoka Kibosho, nikaambiwa kazi ni kukaa tu hapa mpaka mgeni aondoke, nitapewa elfu ishirini na kilo mbili za nyama. Sasa wewe huondoki, na mimi nina haja ya kwenda msalani tangu saa nne."

Katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kukutana na mfanyakazi mwenzangu kama yule. Mmoja analipwa kwa kukaa tu, mwingine kwa kuangalia tu, na wote wawili tumeambiwa kazi ni nyepesi. Nikamshika mkono, akasimama, akaenda zake kwa mwendo ambao sikuutarajia kwa umri ule. Nikaondoa kitenge. Niliingiza penseli kwenye ufa, ikaingia, ikaendelea kuingia, mpaka nikabaki nimeshika kifutio, na dalali aliyekuwa nje akapiga kelele kwamba kuna kitu kimetoboa puti.

Mwanawe alirudi akakuta kiti kitupu. Hakutahayari hata kidogo. "Hilo ni tetemeko, injinia. Lile la 2007." Sasa, tetemeko la 2007 siwezi kumnyang'anya: mwezi wa saba mwaka ule ardhi ilitikisika kutoka pande za Ziwa Natron, mimi mwenyewe nilitoka nje ya chumba changu nikiwa na shuka, na mwezi wa tisa mlima Ol Doinyo Lengai ukaanza kulipuka. Lakini kwenye ngazi ya mlango wa mbele wa nyumba hiyo fundi alikuwa ameandika kwa msumari, saruji ikiwa mbichi, 12/8/2014. Nikampeleka, nikamwonyesha. Aliisoma tarehe, akafikiri, akasema huenda athari zilichelewa kufika Moshi.

Niliandika ripoti ya kurasa 11. Ukurasa wa nne nilieleza, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto wa darasa la tano angekifurahia, kwamba ufa umevuka ukuta. Kwamba wachore mistari miwili ya penseli pande zote mbili za ufa, waandike tarehe, wapime nafasi kila mwezi, na nafasi ikiongezeka wamwite mhandisi kabla ya kumwita fundi rangi. Kwamba maji ya bati yapewe mfereji yapelekwe mbali na msingi. Na kwamba bei ishuke. Mama aliipokea ripoti kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa, akaikunja, akauliza, "Kwa kifupi, ninunue nisinunue?" Nikasema mimi nasema kilichopo, uamuzi ni wa mwenye fedha. Akatazama sebule kwa muda mrefu, akasema, "Lakini bibi ni mkarimu sana." Akanunua kwa bei ileile. Kisha, na hili nimelijua jana kwenye simu, akaweka kabati la vyombo palepale alipokuwa ameketi bibi. Ndilo lililolowa.

Wateja wangu wengine siwataji kwa urefu. Yuko bwana wa Njiro aliyepandisha tanki la lita 2,000 juu ya mirunda, usawa wa kitanda chake, nami nilipomwambia kwamba hizo ni tani 2 zinazomsubiri alale, alijibu kwamba huwa halijai. Yuko ndugu wa Minnesota, kule Marekani, aliyetaka nimkagulie kwa simu ya video nyumba anayojengewa na kaka yake, na kila nilipoelekeza simu kwenye nguzo, kaka alisogea akatabasamu mbele ya nguzo. Yuko na mzee wa Sakina ambaye nilimaliza nusu siku nikikagua nyumba, nikaandika na ukubwa wa nondo zilizochungulia kwenye lenta, ndipo nikagundua kwamba nyumba si yake wala haiuzwi, ni ya jirani aliyesafiri, na yeye alitaka tu kujua.

Na sasa ngazi. Leo stendi konda amenitoza nauli ya ngazi. Nikamwambia ngazi ni mzigo, iende juu. Akasema juu kumejaa kuku na magodoro, ngazi itaingia ndani, na kinachoingia ndani ni abiria. Sikubishana, nililipa nauli mbili, nikadai siti mbili, nikailaza ngazi kwenye siti yake upande wa dirishani kama raia mwingine yeyote aliyelipa. Tulikwenda kwa amani hadi Usa River, ambako alipanda bibi mmoja na kikapu cha ndizi, na konda akaigeukia ngazi mbele ya abiria wote akaiambia iwe na adabu, impishe mtu mzima. Ningefanya nini? Niliisimamisha. Nilipodai nirudishiwe nauli ya siti, konda alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa, akauliza kama niliona popote mtu aliyempisha bibi akarudishiwa hela.

Tumefika Kikatiti. Ngazi bado imesimama.