Msimpime Maalim Seif kwa kukosa urais

Kila ikifika tarehe 17 Februari, siku aliyofariki Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani Zanzibar, pale Muhimbili mwaka 2021, kuna maneno yanayorudi: aligombea urais wa Zanzibar mara sita, akakosa mara sita. Safari hii nimeyasoma kutoka kwa kijana ambaye nadhani alikuwa hajazaliwa wakati watu wa Pemba wanavuka bahari kwa mashua kukimbilia Shimoni, Kenya, mwaka 2001. Wenzake wakamwongezea kwamba mzee mwishowe aliwauza watu wake kwa cheo cha umakamu. Limeniuma, na sitaki lipite hivi hivi.

Hizo mara sita zenyewe zitazameni vizuri. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa kura 165,271, Maalim akapewa 163,706. Tofauti ni kura 1,565 kwa visiwa vyote. Mwaka 2000 uchaguzi uliharibika kiasi cha waangalizi wa Jumuiya ya Madola kuulaani hadharani. Mwaka 2010, Dk. Shein wa CCM asilimia 50.1, Maalim 49.1. Na 2015 kila Mzanzibari anaijua: tarehe 28 Oktoba, matokeo yanaendelea kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatokea kwenye televisheni na kuufuta uchaguzi mzima. Marudio ya Machi 2016 Maalim aliyakataa. Mtu akiniambia kwamba hapo alishindwa, namwomba anioneshe hizo kura.

Lakini hata hilo si kubwa kwangu. Kubwa ni hili la kusema alipenda cheo. Maalim, mtoto wa Mtambwe, Pemba, alimaliza masomo ya sekondari 1963, mapinduzi yakamkuta, akawekwa kufundisha miaka minane kabla ya kuruhusiwa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akawa Waziri wa Elimu, na mwaka 1984 akawa Waziri Kiongozi akiwa na umri wa miaka 40. Waliokuwepo wanakumbuka jinsi maduka yalivyojaa tena bidhaa baada ya miaka ya foleni, enzi za Mzee Ali Hassan Mwinyi na yeye. Angekuwa mtu wa cheo, angenyamaza tu, na cheo angekuwa nacho. Hakunyamaza. Mwaka 1988 alifukuzwa CCM, na kuanzia 1989 hadi 1991 akakaa rumande kwa kesi ya nyaraka za serikali. Ndipo akatoka akaingia kwenye kuijenga CUF, chama cha upinzani.

Sasa nije kwenye Novemba 2009, maana hapa ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote.

Vijana hawajui tulivyokuwa tunaishi. Watu wa kijiji kimoja walikuwa hawaendeani harusini. Duka la mtu wa chama kile halinunuliwi kitu, mazishi yanagomewa, ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Nyuma yetu kulikuwa na Januari 2001, watu zaidi ya 30 walipouawa kwa risasi katika maandamano, wengi wao Pemba. Muafaka wa CCM na CUF wa 1999 ulikufa, wa 2001 ukabaki kwenye karatasi, na mazungumzo mengine yakavunjika 2008 baada ya kikao cha CCM Butiama. CUF ilikuwa haimtambui Rais Amani Karume. Mtu yeyote mwenye akili alikuwa anauona uchaguzi wa 2010 unakuja na damu.

Maalim akaenda Ikulu kuonana na Karume, wawili hao, tarehe 5 Novemba. Kisha akasimama kwenye viwanja vya Kibandamaiti, mbele ya watu wale wale waliomwitikia "Sawa kwa wote!" kila aliposema "Haki!", akawaambia kwamba sasa wanamtambua Karume kuwa Rais. Walimzomea. Watu wake mwenyewe, waliopigwa kwa ajili yake, walimpigia kelele. Kiongozi mwingine angerudi nyuma palepale, angetafuta maneno ya kuwafurahisha, na sisi tungeendelea kuzikana. Yeye alisimama na neno lake, akaenda akalieleza, na kulieleza tena, mpaka kura ya maoni ya kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa, tarehe 31 Julai 2010, ikapita kwa asilimia 66.4. Miezi mitatu baadaye tukapiga kura, yeye akakosa kwa asilimia moja, akampongeza Shein hadharani. Hakuna aliyekufa. Mimi niliona wazee waliokuwa wamenuniana miaka 15 wakishikana mikono, na sijui ni urais gani wenye thamani ya kile nilichokiona.

Nakubali, naye alikuwa na makosa yake. Mambo ya 1984, hali ya hewa ilipochafuka na Mzee Jumbe akaondoka kwenye urais wa Zanzibar, wapo wasiomsamehe mpaka leo, na wana sababu zao. Chama pia kilimtegemea yeye mno. Mgogoro na Profesa Lipumba, Mwenyekiti wa CUF, ulipofika mwisho mahakamani Machi 2019, ilibidi watu washushe tanga CUF na kulipandisha chama cha ACT-Wazalendo kwa kumfuata mtu mmoja. Hilo halikuwa jambo jema.

Ila Desemba 2020 msiiguse ovyo. Oktoba ile ya uchaguzi alikamatwa mara mbili, Ismail Jussa, mwenzake katika chama, aliumizwa vibaya, watu waliuawa Pemba. Hasira yangu mimi ilisema wasiingie serikalini kabisa. Mzee wa miaka 77, aliyepewa asilimia 19 kana kwamba Pemba imehama, aliapa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais tarehe 8 Desemba, akijua vizuri atakavyotukanwa. Alikuwa na mengi ya kupoteza kwa kuingia, na hakuna cheo kilichobaki ambacho angekitaka. Alichotaka ni watu wake wasiachwe peke yao na vyombo vya dola. Alikitumikia kiti kile kwa wiki chache tu kabla ya maradhi kumchukua.

Kwa hiyo huyo kijana, nguvu hizo za kuhesabu azipeleke Tume ya Uchaguzi. Kura za Oktoba 2015 zilihesabiwa vituoni na fomu zilisainiwa, lakini matokeo kamili ya urais Tume haijatutangazia mpaka leo. Akaanze kuuliza hapo.