Sheria ya miaka 17 isingemzuia Trusova

Machi 2018, mjini Sofia, Bulgaria, binti wa miaka 13 kutoka Ryazan, Urusi, akishindana katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, aliruka mara mbili, kila mara akijizungusha mara nne hewani kabla ya kutua. Akabeba ubingwa wa dunia wa vijana. Kabla ya hapo hakuna mwanamke aliyekuwa ametua na miruko miwili ya namna hiyo katika onyesho moja. Binti huyo ni Alexandra Trusova. Miaka minne baadaye, kwenye Olimpiki ya Beijing, aliruka mitano ya namna hiyo, akapata medali ya fedha, kisha akaangua kilio mbele ya kamera akisema anauchukia mchezo huu na kwamba kila mtu ana dhahabu isipokuwa yeye.

Juni mwaka huohuo, wajumbe wa Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu (ISU) walikutana Phuket, Thailand, na kwa kura 100 dhidi ya 16 wakapandisha umri wa kuingia mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua, hadi msimu wa 2024/25. Hoja hiyo ilikuwepo kabla, lakini yaliyotokea Beijing, hasa kesi ya dawa ya Mrusi mwingine, Kamila Valieva, yaliisukuma mbele. Kilio cha Trusova nacho kikaingizwa kwenye ushahidi: tazameni tunavyowatumia watoto hawa.

Wanaoiunga mkono sheria wana mifano ya kutosha. Yulia Lipnitskaya alishangiliwa na dunia nzima Sochi 2014 akiwa na miaka 15. Kufikia 2017 alikuwa ameshastaafu, baada ya kutibiwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Alina Zagitova alitwaa dhahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 15, na Desemba 2019, akiwa na 17, akatangaza kusimama kushindana. Anna Shcherbakova, aliyemshinda Trusova Beijing, hajashindana tena kimataifa tangu siku ile. Wote hao walipitia mikononi mwa kocha mmoja wa Moscow, Eteri Tutberidze, ambaye kila mara bingwa mmoja anapochoka ana mwingine tayari mlangoni.

Tena hesabu ya alama ndiyo inayomvuta kocha huko. Katika jedwali la wakati ule, Lutz, mojawapo ya aina za mruko, ya mizunguko mitatu ilianzia alama 5.90, ya mizunguko minne, 11.50. Karibu mara mbili kwa mruko mmoja usiofika sekunde moja hewani. Mwili mwepesi na mwembamba wa nyonga huzunguka haraka zaidi, na kwa wasichana mwili huo una muda wake. Ukishaelewa hilo hushangai kwa nini walikuwa wakiharakishwa.

Lakini chukua kalenda. Sheria mpya inataka mchezaji awe ametimiza miaka 17 kabla ya Julai mosi ya msimu husika. Trusova alizaliwa Juni 23, 2004. Maana yake, kwa kipimo hichohicho, angeruhusiwa kushindana Beijing, akiwa na wiki moja ya akiba. Shcherbakova, wa Machi 2004, naye angeruhusiwa. Kaori Sakamoto wa Japani, aliyepata shaba, alikuwa na miaka 21. Jukwaa lile la medali lingebaki vilevile, jina kwa jina. Katika wanne wa juu, ambaye angezuiwa ni Valieva, aliyekuwa na miaka 15 na kumaliza wa nne, na kesi yake ilikuwa ya dawa iliyopigwa marufuku, trimetazidine. Dawa ikiingia mwilini mwa mchezaji wa miaka 17 ni kosa lilelile.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaomtaja Trusova kama mtoto ambaye sheria hii ingemwokoa. Zaidi ya hapo, miruko mitano ile aliiruka akiwa na miaka 17, bila kuanguka, baada ya miaka ya watu kutabiri kwamba akikua ataipoteza. Na hakuna aliyelazimika kumbembeleza. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akirudia msimu hadi msimu kwamba anataka mitano, hata ilipomgharimu: bingwa wa dunia wa vijana 2018 na 2019, lakini kwa wakubwa akaambulia shaba ya dunia 2021, shaba ya Ulaya 2020 na nyingine ya Ulaya 2022, iliyokuja kugeuzwa fedha baada ya Valieva kufutiwa matokeo. Katikati ya hapo alihama kwa Tutberidze kwenda kwa kocha mwingine, Evgeni Plushenko, kisha akarudi.

Je, alidhulumiwa Beijing? Mashabiki wake bado wanabishana, na namba zinastahili kutazamwa kwa karibu. Katika programu huru, onyesho refu linalofuata programu fupi na alama zake kujumlishwa nayo, Trusova alipata 177.13, Shcherbakova 175.75. Kwa ufundi wa miruko na mizunguko Trusova aliongoza, 106.16 kwa 100.49, kwa uwasilishaji, muziki na ubora wa kuteleza, Shcherbakova aliongoza, 75.26 kwa 70.97. Mimi naona majaji walikuwa sahihi. Programu ya Trusova ilikuwa njia ya kurukia ndege: anakimbia, anapaa, anatua, anakimbia tena. Shcherbakova naye aliruka mizunguko minne mara mbili, na katikati ya miruko alikuwa anacheza.

Dhahabu ilipotelea kwenye programu fupi. Hapo wanawake hawakuruhusiwa kuruka mizunguko minne, wakati wanaume wanaruhusiwa. Trusova akajaribu Axel, aina nyingine ya mruko, ya mizunguko mitatu, akaanguka, akapata 74.60 dhidi ya 80.20 za mwenzake. Tofauti ya mwisho ilikuwa 4.22. Kumnyang'anya mtu silaha yake kuu kwa sababu ni mwanamke, halafu kumwambia ashindane, hilo sikubaliani nalo, na hapo nipo upande wake kabisa. (Dhahabu ya mashindano ya timu, ambayo Valieva aliisaidia Urusi kuishinda hapohapo Beijing na Trusova akaionea wivu, kwa taarifa, ilifutwa Januari 2024 baada ya Valieva kufungiwa, Urusi ikashushwa hadi nafasi ya tatu.)

Sheria ya umri haikosi faida. Inampa kocha sababu ya kufikiria mwili wa miaka 19 badala ya wa 14, na Sakamoto, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo kuanzia 2022 bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, anaonyesha kwamba mwili huo unashinda. Ila inalinda mlango wa wakubwa tu. Trusova aliandika historia Sofia akiwa na miaka 13, kwenye mashindano ya vijana, na mgongo uliokuja kumsumbua baadaye ulianza kubeba kutua kule mapema zaidi ya hapo. Mashindano ya vijana bado yanapokea watoto wa miaka 13. Kama ISU inataka kuwalinda kweli, ipunguze kwanza malipo ya mizunguko minne katika ngazi hiyo, kisha iwaachie wanawake wazima waruke mingapi wanayotaka, programu fupi ikiwemo.