Msiba wa Lita Tatu

Hilux kuukuu ya mjomba, ya gia za otomatiki, ilianza kuaga dunia siku aliyopanda nayo Newala imesheheni mifuko ya salfa ya mikorosho. Aliporudi nayo Mikindani, ukiweka D, gia ya kwenda mbele, inatulia kwanza, halafu inaruka kwa kishindo.

Nikachomoa kipimo cha oili ya gia boksi: oili nyeusi, inanuka kuungua. Kufungua sampo, lile karai la oili chini ya boksi, sumaku zimeota ndevu za chuma na chini limejaa tope la klachi.

"Mjomba, uliongeza nini humu?"

"Oili."

"Oili gani?"

"Ya injini, mpwa. Kwani nayo si oili?"

Basi tukashusha gia boksi, likaletwa jingine la mtumba. Paipu zinazopeleka oili kupozwa kwenye rejeta lazima zisafishwe kwa petroli na kupulizwa upepo, la sivyo chembe za boksi bovu zitaliua zima. Lakini penye kazi hasa ni konveta, lile dude la mviringo linalopokeza nguvu ya injini kwenye boksi. Unamimina humo kama lita moja ya ATF, oili ya gia za otomatiki, unaiingiza kwenye boksi huku unaizungusha mpaka uisikie imezama mara tatu, kila mara kwenye kipande kimoja cha boksi: shafti, stata, kisha pampu. Hapo boksi linakutana na injini kwa kusukuma kwa mkono tu. Ukiona pengo ukalivuta kwa bolti, pampu umeipasua.

Mjomba alitaka tulivute kwa bolti. Swala ya Ijumaa ilikaribia, na kanzu alishavaa. Nikampa kazi isiyo na madhara: kurudisha zile hosi za oili za kwenye rejeta na kuzibana.

Nikamimina lita nne, akawasha. Pampu ikivuta, oili inashuka kwenye kipimo, kwa hiyo nikaongeza kidogo kidogo huku injini inanguruma. Magurudumu yamewekewa magogo, gia iko P, ya kuegesha, nikaingia mvunguni kutazama mvujo. Mjomba akakanyaga mafuta.

Hosi ikachomoka.

ATF mpya ni nyekundu, tena nyekundu haswa. Ilinipiga usoni na kifuani, nyingine ikaingia mdomoni. Nikajiburuta nje natema tu. Shangazi kutokea mlangoni, sinia la mihogo likamponyoka.

"Jamani! Gari limemlalia mtoto wa watu!"

Majirani wakafika wamejifunga kanga viunoni, wawili wamebeba kitanda cha kamba. Mzee mmoja aliyekuwa njiani kwenda msikitini akanipigia magoti.

"Tamka shahada, mwanangu."

"Ni oili, mzee!"

"Anaweweseka huyu. Mshikeni kichwa."

Nikatazama pale hosi ilipochomokea. Badala ya kilipu kulikuwa na uzi wa kushonea magunia ya korosho, umefungwa mafundo matatu ya nguvu. Uzi ukilowa oili unateleza, hata ungekuwa na mafundo kumi.

"Kilipu ilikuwa imepinda," mjomba akasema, kanzu yake nayo ina madoa mekundu hadi kolani. Hakunitazama. Alikuwa amechutama kando ya dimbwi, lita tatu nzima zinazama mchangani.

"Mpwa, hii tukiichuja kwa kitambaa, si inarudi?"