Huyu si alishauawa?

Muvi za mashujaa huku Uingereza zina ugomvi wake, na si ugomvi wa nani mbabe. Watu wanagombania nani kaielewa. Avengers: Endgame ilitoka Aprili 2019, na mpaka leo ikitajwa tu kazini kwetu hapa Coventry wakati wa mapumziko, watu wanagawika. Kuna wanaosema hadithi imevurugika, haina kichwa wala miguu. Wenzao wanawajibu kwa mkato, tena kwa dharau: hukuwa makini. Hapo muvi inaachwa, kinachopimwa sasa ni bongo ya mtu. Mie nasema inachanganya, tena sana, na anayedai hakupotea hata pahala pamoja ananiongopea.

Ila muvi hiyo hiyo nimeiona Unguja, nyumbani kwa ami yangu Kikwajuni, na kule haikumshinda mtu. Si kwamba watu wa Kikwajuni wana akili kuwashinda wa Coventry (ingawa ami akiyasoma haya atasema ndivyo hasa). Kule mtu akipotea anauliza, kwa sauti, muvi ikiendelea.

Tuanze na ugumu wenyewe, maana upo. Hii ni ya 22 katika mlolongo ulioanza na Iron Man mwaka 2008, inakwenda dakika 181, na haikai chini kukueleza ya nyuma. Haijafika mbali, Thor anamkata kichwa Thanos. Adui kafa na muvi ndiyo kwanza inaanza! Inaruka miaka mitano. Kisha mashujaa wanarudi katika nyakati zilizopita kutafuta mawe sita ya nguvu, yale aliyoyatumia Thanos kufuta nusu ya viumbe, ili wawarudishe: wengine New York ya 2012, wengine Asgard ya 2013, wengine sayari za mbali za 2014, na wawili inawabidi wateremke hadi 1970. Huko 2014 Thanos yu hai bado, anapata habari za mambo yajayo, anavuka kuja kupigana. Nebula wa leo, aliye upande wa mashujaa, anampiga risasi Nebula wa zamani akamuua, na yeye mwenyewe hapotei, kwa sababu Hulk alishaeleza mapema kuwa ukirudi nyuma, kule ndiko kunakuwa mbele yako, na ulikotoka hakubadiliki tena. Anayasema hayo upesi upesi. Aliyekwenda msalani wakati ule ndiyo basi tena.

Mwisho Captain America anakwenda kuyarudisha mawe, na badala ya kutokea pale alipoondokea, anaonekana mzee, kakaa kwenye benchi kando ya ziwa. Kaishi wapi miaka yote hiyo? Waongozaji, ndugu Anthony na Joe Russo, walisema kaishi katika wakati mwengine uliochepuka, kisha akavuka kurudi. Waandishi wa muvi hiyo hiyo, Christopher Markus na Stephen McFeely, wakasema la, alikuwa humu humu siku zote. Sasa nahodha na rubani wakigombana njia, abiria utamlaumu kwa lipi?

Kikwajuni hatukuiona kwa Kiingereza. Mtoto wa shangazi aliingiziwa dukani kwenye flashi, ikiwa imetafsiriwa. Kwa asiyejua, kutafsiriwa maana yake kuna mtu kaweka sauti yake juu ya sauti za wenyewe, anakusimulia kila kitu pamoja na visivyokuwemo. Kazi hii ina wakongwe wake. Kizazi changu kimekulia kwenye kanda za Lufufu, yaani Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye aliweza kumfanya mzungu wa Hollywood azungumze utadhani kazaliwa Temeke.

Mtafsiri wa toleo letu alitufanyia jambo. Nebula na Gamora ni mabinti wa kulea wa Thanos, kila mmoja alichukuliwa kwao. Yeye akasema ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali. Ukumbi mzima ukatulia. Shangazi alikuwa anauliza tangu mwanzo kwa nini wale wawili wana kisirani vile, sasa akavuta pumzi: "Aaa, kumbe!" Mie na elimu yangu ya Coventry nikasahihisha, nikasema hapana, ni watoto wa kulea. Ami akanigeukia.

"Kwani mtoto wa kulea haoni wivu?"

"Anaona, ami."

"Basi mama zao wanakuhusu nini? Hebu tuangalie."

Nimelifikiria sana lile toleo. Alichosema ni uongo mtupu, lakini kilimfikisha shangazi pale pale muvi inapotaka tufike. Huku nimetazama video nyingi za kufafanua Endgame, zina michoro ya nyakati na mishale inayokwenda huku na huku, na wengi wao wivu wa Nebula kwa dada yake hawaugusi. Wanakutengenezea ramani ya mji ambao hawajui nani anakaa humo.

Thanos wa 2014 alipotokea, ami aliuliza lile swali ambalo kila mtu wa haki lazima aliulize: "Huyu si alishauawa?" Walimjibu watu watatu kwa pamoja. Mtoto wa shangazi alisema huyu ni wa zamani. Jirani aliyekuja kuazima chaja akasema ni ndugu yake. Shangazi akasema ni jini, kachukua sura ya maiti. Ami akalipima, akachukua la shangazi, na nakuapieni, hakupotea tena mpaka mwisho. Muvi yote iliyobaki ilikwenda na jini ndani yake na haikukwama pahala. Nanyi mnajua, watu waliolala nje kwa makundi mwaka 1995 kwa kumwogopa Popobawa, lile pepo la usiku, hawatatishwa na mtu mwenye ngozi ya zambarau.

Na Captain America mzee? Hilo ndilo lililowagombanisha waongozaji na waandishi, basi kule halikuchukua muda. Ami hakusubiri mtafsiri.

"Huyu alikwenda Maskati."

Watu walicheka mpaka tukairudisha nyuma. Kila mtaa pale Unguja unamjua mtu aliyeondoka kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaja kurudi nywele nyeupe, anakaa barazani na watoto wa wenziwe, na akiulizwa ya kule anatabasamu tu. Captain naye ana pete kidoleni, rafiki yake Sam anamuuliza habari za huyo mke, anasema hatosema. Kaishi wakati huu au wakati mwengine? Muulizeni mzee yeyote aliyerudi. Mie mwenyewe sasa nikiteremka uwanja wa ndege Kisauni nikaona majengo nisiyoyajua, naona suali hilo lina pande zote mbili.

Kilichowashinda Kikwajuni ni kitu chengine kabisa. Tony Stark, yaani Iron Man, alikufa.

Mnaijua sheria: stelingi, shujaa mkuu wa muvi, hafi. Atapigwa, atatekwa, atatupwa baharini kafungwa mawe, lakini hafi. Kesho yake mchana mjadala ulihamia barazani na ulikuwa wa moto. Wapo waliosema Stark hakuwa stelingi, stelingi ni Captain, ndiyo maana alibaki, na sheria iko pale pale. Wapo waliosema stelingi ni yule aliyeanza nayo mwaka 2008, kwa hiyo walioitengeneza wamewadhulumu watu. Muuza kahawa akasema muvi yenye mastelingi wengi haina stelingi, na hapo ndipo hadithi inapochanganya, mambo ya kurudi nyuma ya wakati ni bughudha tu. Mie niko na muuza kahawa. Mtu unahitaji kujua moyo wako uuweke kwa nani. Ukishajua hilo, hata wakivuka karne ngapi utawafuata. Bibi yangu alikuwa mpenzi wa muvi za Kihindi, enzi za sinema ya Majestic pale Vuga, na Kihindi alikuwa hajui hata neno, na alilia mahali pote panapostahili kuliliwa.

Lile baraza lilikuwa linajadili kama hadithi imetimiza ahadi yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake hukuwa makini.

Huku nilikoiona mara ya kwanza, ukumbi ulikuwa kiza na kimya. Kumwinamia mtu wa kiti cha pembeni ukamuuliza "huyu nani?" ni utovu wa adabu. Taa zikiwashwa, kila mmoja anatoka na simu yake mkononi, anamtafuta mtu asiyemjua amfafanulie peke yake kitu walichokiona watu mia. Na si sinema tu. Kazini ukianza unapewa jalada la maelekezo, kisha unaulizwa kama una suali, na kila mtu anajua jibu linalotakiwa ni kwamba huna. Nyumbani nenda harusini, kaa kwenye jamvi, sema tu "yule wa nani?", utatajiwa ukoo mzima mpaka Makunduchi.

Lakini sitaki kuipamba Unguja. Kule ukiuliza unajibiwa hata pasipokuwa na jibu. Sijui ni neno zito mdomoni mwa watu wetu. Yule mtoto wa shangazi ndiye aliyekuwa sahihi juu ya Thanos, alisema mara moja kwa sauti ndogo, akaona la jini limeshapita, akanyamaza, maana mdogo hamrudi mkubwa. Na shangazi, aliyeshinda usiku ule, kesho yake barazani hakuwepo, baraza ni la wanaume. Hoja yake juu ya stelingi (alisema ni Nebula, kwa kuwa ndiye pekee aliyebadilika) niliipeleka mie, ikapokewa kama yangu. Hapa Coventry kijana anayejifunza kazi anamwambia meneja mbele ya watu kwamba kuhusu Captain America hajui analosema, na meneja anasikiliza. Hilo nalipenda, na ningependa nilikute Kikwajuni.

Mwaka 2024 Marvel, wenye muvi hizi, walitangaza kwamba Robert Downey Jr. anarudi katika Avengers: Doomsday, na safari hii si Iron Man, ni Doctor Doom, adui. Kazini watu wameshajipanga. Mie nilimtumia ami ujumbe wa sauti, nikaeleza taratibu kabisa: mchezaji ni yule yule, mtu ni mwengine. Jibu lilikuja haraka, na nyuma yake nasikia vikombe vya kahawa na watu wanacheka.

"Sikukwambieni hafi?"

Nimeshamwagizia mtoto wa shangazi. Toleo lililotafsiriwa likifika dukani aniwekee, na ahakikishe mtafsiri ni yule yule wa mama mbalimbali.