Thelathini zilikuwa nyuzi

Wanyalukolo, ndugu zangu, kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya vikombe, nisikilizeni. Video mliyoiona kwenye grupu la ukoo ni ya kweli. Ndoo ni ya kweli. Aliyekaa ndani ya ndoo ni mimi, na neno "thelathini" nimelitamka kwa mdomo wangu. Ila jamaa yangu aliyeirusha (simtaji, anajijua, na hela yangu ya mbolea bado hajarudisha) amekata mwanzo, akakata na mwisho, halafu akaandika chini yake: "Kaulizwa kapiga vikombe vingapi."

Hakuna aliyeniuliza vikombe. Niliulizwa nyuzi, zile za kupimia pembe.

Pombe sinywi, mnajua. Ndiye mimi niliyesimama kanisani Pasaka hii nikakemea ulevi mpaka mzee mmoja wa benchi la nyuma akatoka nje. Mzee huyo ameshaitazama video. Ameisambaza pia.

Sasa. Nilikwenda Kilolo kwa dada. Wapwa zangu wako kidato cha tatu na wamekwama kwenye duara. Kwamba pembe ya kitovuni ni mara mbili ya pembe ya mzingoni, yaani kwenye mstari wa duara, tao likiwa lilelile, hilo walilikariri wakalikubali. Walichokataa ni hiki: ukihama kwenye mzingo, ukasimama popote upande uleule, pembe haibadiliki. Mpwa wangu wa kike, mwenye mdomo, akaniambia, "Mjomba, hata kwa macho tu inaonekana. Ukisogelea nguzo moja lazima pembe ibadilike. Hapo kitabu kimetudanganya."

Nikaona huyu haponi kwa daftari. Nikawachukua mpaka uwanjani.

Goli la pale ni nguzo mbili za mkaratusi, juu hakuna kitu. Goli la kimataifa lina upana wa mita 7.32, la kwetu kwa kamba lilitoka karibu mita 7. Nikakata boksi la sabuni kwa kutumia kipimapembe, nyuzi 30 kamili. Mpango ulikuwa huu: naweka ncha ya boksi jichoni, nafumba jicho la pili, ukingo mmoja unaelekea nguzo ya kulia na mwingine nguzo ya kushoto. Kisha natembea, nikihakikisha nguzo hazitoki kwenye kingo. Nguzo zikimwagika nje, nimekaribia mno, narudi nyuma. Zikiingia ndani, nimekuwa mbali, nasogea mbele. Mpwa wangu mdogo anafuata na bakuli la majivu, kila ninapokanyaga anatia alama. Majivu yakikamilika, wataona wenyewe kwamba nimechora duara bila kuwa na duara.

Niambieni kama si mpango mzuri.

Nikaanzia katikati, mbele ya goli, kama mita 13 kutoka mstarini, nikaanza kuelekea kushoto. Sasa mjifikirie nyinyi mko pembeni, hamjui habari za boksi. Mnamwona mtu mzima amefumba jicho moja, ameshika karatasi usoni, anakwenda ubavu. Hatua mbili kushoto, nusu hatua nyuma, anasita, anasogea mbele, anasema peke yake "hapana, hapana, hapo sawa." Nyuma yake mtoto anamwaga majivu. Jamaa yangu alikuwa chini ya mparachichi, simu mkononi. Nani angeacha kurekodi?

Na chini ya mparachichi huo, upande wa kushoto wa goli, walikuwa akina mama na ndoo zao za ulanzi, pombe ya mianzi. Mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona, kwa sababu jicho nililofumba lilikuwa la kushoto.

Tao la nyuzi 30 linatanuka. Watu hudhani linapita mbele ya goli tu. Hapana, linatoka nje ya nguzo karibu mita tatu na nusu kila upande kabla ya kurudi. Niko pale penye mtanuko, nguzo zikamwagika nje ya boksi. Nikarudi nyuma.

Kisigino kikagusa kitu. Nikadhani jiwe, nikainua mguu juu zaidi ili nilipite. Ukingo wa ndoo ukanipokea nyuma ya magoti. Nikasikia akina mama wakivuta pumzi kwa pamoja, kisha sauti moja, "Mamaaa!", ndefu, na mimi ndani ya ile sauti nashuka. Sikushuka haraka. Nilipata muda wa kuwaza suruali ni ya nani (ya shemeji). Makalio yakafika, yakaingia, yakaenea. Ndoo ya lita ishirini, wanyalukolo, ikanikaa kama nilipimiwa. Ule ubaridi wa Kilolo wote uliokuwa kwenye ulanzi ukanipanda hadi mgongoni, povu likafuata. Magoti yakawa jirani na masikio.

Na boksi? Boksi halikutoka jichoni. Mwalimu ni mwalimu. Nikiwa mle ndani nikaangalia: nguzo ya kulia kwenye ukingo, nguzo ya kushoto kwenye ukingo. Barabara kabisa.

Mpwa wangu akapiga kelele kutoka mbali, "Mjomba, ngapi?"

Nikainua mkono juu kwa furaha. "Thelathini!"

Hapo ndipo video yenu inapoanzia, na hapohapo inapoishia.

Wanaume wawili walinivuta, mmoja mikono na mwingine ndoo. Mzee mmoja akanisalimu "Kamwene" kwa upole ule wa kumsalimia mgonjwa. Bibi mwenye ulanzi akaniuliza nimeanza kunywa saa ngapi. Nikamwambia, "Bibi, mimi sinywi." Akasema, "Marehemu mume wangu naye alikuwa anasema hivyohivyo." Nikalipa ndoo nzima kwa bei yake. Suruali ya shemeji, tusiiongelee. Kwenye gari la kurudi Iringa nilikaa siti ya nyuma peke yangu, na gari lilikuwa limejaa.

Euclid, Mgiriki yule wa hesabu, aliyaeleza haya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na sijasikia aliyemuuliza amekunywa nini.

Watoto lakini walielewa. Pembe ya kitovuni ni 60, kwa hiyo kitovu na nguzo mbili vinafanya pembetatu yenye pande sawa. Wakachukua kamba yenye urefu wa goli, wakaipata sehemu ya kitovu, wakazungusha kamba juu ya majivu. Ikapita juu ya kila alama. Ikapita na katikati ya ndoo.

Kabla sijaondoka bibi aliniuliza, kwa adabu, kesho watoto watapitia wapi. Nikamweleza kwamba kesho ni nyuzi 90, nusu duara, goli lenyewe ndilo kipenyo, hawatamfikia. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuniamini hata kidogo, akazihamisha ndoo zote nyuma ya goli, karibu kabisa na nguzo. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba keshokutwa wanaanza pembenne ya ndani ya duara, ambamo pembe zinazoelekeana hujumlika 180, kwa hiyo boksi litakatwa la nyuzi 150, na tao lake linapita hapohapo nyuma ya goli, pungufu ya hatua moja.