Shofa, usizime moteri kwenye mteremko

Wiki iliyopita nilipanda taksi sokoni Kadutu nishuke mjini. Nilikaa mbele karibu na shofa. Nyuma walibanana wanne, mama mmoja amepakata beseni la sambaza, visamaki vidogo vya ziwani. Barabara ilipoanza tu kuinama, nikaona mkono wa shofa umeacha usukani, ukashika ufunguo na kuuzungusha nyuma. Moteri ikanyamaza. Redio ikaendelea kuimba, gari likawa linateremka lenyewe, tukasikia mawe tu yakilia chini ya tairi.

"Nachunga esansi, papa," akaniambia.

Namwelewa. Esansi, yaani petroli, ni ghali, na jioni mwenye gari anangoja pesa yake. Lakini tabia hii iachwe, hasa hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, mji wa vilima ambamo huendi popote bila kupanda na kushuka.

Wengi wetu tunafikiri ufunguo unawasha na kuzima, basi. Ndani ya kile kidude ambacho Kifaransa kinakiita neiman, kwa jina la mvumbuzi wake Abram Neiman, mna vitu vitatu. Kuna silinda yenye vibati vidogo, na meno ya ufunguo wako ndiyo yanayovipanga sawa ili izunguke. Nyuma yake kuna swichi ya umeme yenye hatua zake: ACC inaipa redio moto, ON inazipa moteri na taa za dashibodi, START inaamsha stata, na ukiachia tu, springi inaurudisha ufunguo ON. Halafu, mahali usipopaona, kuna kipini cha chuma kinachosukumwa na springi. Ukiurudisha ufunguo hadi hatua ya kufunga, LOCK, na kuuchomoa, kipini kinatafuta tundu kwenye mhimili wa usukani. Usukani ukizunguka kidogo, kinaingia, tak, hakuna kukata kona tena.

Kipini hicho ndicho kinachomkwamisha mwizi. Ndicho pia kinachokusumbua asubuhi: gurudumu la mbele limeegemea jiwe, usukani unakibana, ufunguo unakataa kuzunguka. Usiulazimishe, utakatikia humo ndani. Tikisa usukani polepole kushoto na kulia kwa mkono mmoja, zungusha ufunguo kwa mwingine, utausikia umelegea.

Turudi mteremkoni. Shofa wangu aliishia ACC, kwa hiyo usukani haukufungwa. Watengenezaji waliweka ulinzi: gari nyingi za Kijapani zinataka uusukume ufunguo ndani kwanza ndipo ufike LOCK, na zile za otomatiki zinataka gia iwe P. Ulinzi huo ni wa silinda nzima, si ya kwetu iliyolika kwa miaka 20. Nimewahi kupanda gari ambalo ufunguo ulichomolewa moteri ikiwa inanguruma, shofa akautia mfukoni kama kawaida. Kwenye gari la namna hiyo, nani ana hakika mkono utasimama ACC?

Na hata usukani usipofungwa, kuna breki. Servo inayousaidia mguu inategemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye moteri. Moteri ikizimwa, servo inabakiwa na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki zipo bado, ila zinadai mguu wenye nguvu nyingi, na mbele yako mtoto anavuka. Usukani wenye msaada nao unakuwa mzito. Mifuko ya hewa, ile inayokukinga gari likigonga, haifunguki.

Hilo la mwisho limeshaua watu. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliziita gari milioni 2.6 zirudi kutengenezwa kwa sababu swichi zilikuwa legevu: ufunguo uliteleza wenyewe kutoka ON hadi ACC gari likiwa mwendoni, hasa pakiwa na funguo nyingi nzito zinazoning'inia. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali vifo 124. Wale hawakugusa kitu. Sisi tunauzungusha kwa mkono wetu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba esansi yenyewe haichungwi. Gari za injekta, ambazo ndizo nyingi sasa, zina kompyuta: ukishuka gia ikiwa imeingia na mguu umetoka kwenye aksileta, inakata esansi kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha moteri, na moteri inalishika gari lisikimbie. Unapata breki ya bure, na servo inaendelea kupata mvuto wake.

Nilimweleza shofa haya yote tukiwa bado tunateremka. Hakujibu. Karibu na kona, wamotari na pikipiki zao walipotukatiza, akaurudisha ufunguo, moteri ikaitika. Nyuma, mama wa sambaza akauliza, "Papa, ile breki ya mara mbili tatu, ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. Akalisogeza beseni lake. "Basi kesho mimi ndiye nitamwambia awashe, hata kama atakasirika."