Pesa za utafiti wa sukari na presha hazijatoka mfukoni mwa mgonjwa

Juzi baada ya isha, hapo barazani Majengo, mzee mmoja alisema neno na kila mtu akaitikia. Alisema hizi pesa za utafiti wa kuzuia sukari na presha wapewe wagonjwa waliolala wodini, watafiti tumewachoka, kila mwaka fomu, kila mwaka damu inatolewa na majibu hayaonekani. Nilinyamaza manake ni mzee wangu na ana uchungu wake, lakini neno lenyewe nimelala nalo na naona kuna upande haukusemwa.

Kwanza haki yake nimpe. Mtu anayetaka insulini leo huwezi kumwambia angoje utafiti wa miaka 20. Na ni kweli kazi nyingi za watafiti zimeishia semina za hoteli na majarida ya Kiingereza ambayo aliyetoa damu yake hatayaona maishani. Alafu kuna hoja nzito zaidi, kwamba tunatafiti nini tena na yote yajulikana: punguza sukari, punguza chumvi, tembea, wacha sigara. Hiyo ndio imenisumbua, nitairudia.

Sasa hesabu. Ami yangu wa Kisauni anasafishwa damu mara 2 kwa wiki, figo zimeharibiwa na sukari aliyokaa nayo miaka bila kujua kama anayo. Enzi za NHIF, bima ya afya ya serikali ya Kenya kabla haijageuzwa SHA, bima ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kila mgonjwa akiingia kwenye mashine. Zidisha mara 2, zidisha wiki 52, unapata 988,000. Karibu milioni nzima, mtu mmoja, mwaka mmoja, na hapo sijatia tuktuk ya kwenda na kurudi, sijatia dawa, sijatia binti yake aliyeacha kazi ya duka ili ashinde naye hospitali. Mwaka wa pili milioni nyingine. Na mashine haimponyi, inamshikilia tu. Mimi hii namba hainitoki kichwani kwa sababu kila nikienda naye naona sura mpya kwenye viti, na hakuna mfuko, iwe SHA iwe harambee ya WhatsApp, utakaoweza kufukuzana na hiyo foleni kama hakuna anayeangalia watu wanatokea wapi.

Na kule wanakotokea hatukuoni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu watu wazima 88 kwa kila 100 hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa presha. Hata hilo tumelijua kwa utafiti.

Kwamba kuzuia kunawezekana, limeshaonyeshwa. China, mji wa Da Qing, 1986, walichukuliwa watu 577 ambao sukari imeanza kupanda lakini bado hawajawa wagonjwa, baadhi yao wakaelekezwa chakula na mazoezi kwa miaka 6, wakafuatwa mpaka miaka 30 ikatimia. Walioelekezwa walichelewa kuupata ugonjwa kwa karibu miaka 4 kuliko wenzao, na kwa wastani wakaishi karibu mwaka mmoja na nusu zaidi. Marekani nao 2002 wakatoa matokeo ya watu zaidi ya 3,000, waliobadilisha maisha hatari yao ya kupata sukari ilipungua kwa asilimia 58. Sisemi miaka 4 bila sukari ni sawa na miaka 4 bila mashine, si kila mwenye sukari anafika huko, lakini anayefika nimeshasema anagharimu kiasi gani.

Basi si yajulikana? Yajulikana ya Da Qing. Ya huku bado. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 3 iliyopita kinaweza kusoma chini kuliko ukweli kwa mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na huku Pwani watu hao ni wengi, sasa nani atatuambia mpaka wetu wa kusema mtu ana sukari ni upi? 2016 watafiti wa Kilifi waliandika nadharia kwamba malaria ya utotoni yaweza kuchangia presha ukubwani, hilo mtu wa Ulaya atalitafiti na nani? Na mahamri kwa mbaazi na chai ya maziwa yenye vijiko 4, mtu anakula saa 12 asubuhi kabla hajavuka feri kwenda kazini, kumwambia "badilisha lishe" ni rahisi, ila abadilishe kwa kitu gani cha bei ileile?

Na utafiti huzaa, mfano uko hapa hapa: KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, wako Kilifi na wenzao wa Wellcome, wafadhili wa Uingereza, tangu 1989. Wodi zilikuwa zimejaa watoto wa malaria na pesa ile ingeweza kununua dawa. Watoto wa Kilifi wakaingia kwenye majaribio ya chanjo ya malaria, na 2021 WHO ikaipitisha.

Kwa hivyo dawa ya mgonjwa isiguswe, hapo niko na mzee mia kwa mia. Lakini sheria yetu ya sayansi ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti na hatujawahi kuifikia, kazi kubwa tumewaachia wafadhili, na 2025 tumeona Marekani ikifunga mfereji wa pesa zake, vile mambo yanavyokuwa. Pesa ikitoka, majibu yarudi barazani kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya waliotoa damu.

Ami ana watoto 6. Wiki iliyopita niliwauliza nani kashapimwa sukari, akaitika mmoja tu, yule aliyekuwa mjamzito, manake kliniki ilimpima bila yeye kuomba. Wanaume wote 4 hakuna.